Je, wajua kwa nini manunuzi ya sokoni yanatosha kumpatia mtu bonasi ya kadi ya mkopo?

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Miaka michache iliyopita alinitumia ujumbe nikiwa katika soko la Majengo, Dodoma, nachagua nyanya, akanieleza kwamba benki itampa bonasi ya pointi 60,000, yaani zawadi inayoweza kugeuzwa kuwa fedha au tiketi za safari, endapo atatumia dola 4,000 kwa kadi mpya ndani ya miezi mitatu. Nilipiga hesabu palepale nikaona ni kama shilingi milioni kumi. Nikamjibu kwa ukali wa kaka mkubwa kwamba hakuna benki inayomzawadia mtu kwa kuingia kwenye deni la milioni kumi bila kumtegea mtego, na kwamba airudishe kadi hiyo haraka. Naye akaandika: “Kaka, chakula, mafuta ya gari na bima vinatosha. Sitadaiwa hata senti.” Sikumwamini, na kosa hilo nilikaa nalo kwa wiki kadhaa.

Kosa lenyewe lilitokana na neno mkopo. Kwetu mtu akisema amekopa, awe amekopa kwenye SACCOS, kwenye kikoba au kwa wale wakopeshaji ambao mtaani wanaitwa kausha damu, tunaelewa kwamba amepewa fedha taslimu, kwamba riba imekwisha kupangwa, na kwamba atalipa kidogokidogo hadi amalize. Kwa hiyo niliposikia kadi ya mkopo yenye sharti la dola 4,000, nilielewa kwamba benki inamtaka mteja awe na deni la dola 4,000, tena alibebe kwa miezi mitatu huku riba ikimla. Baadaye niligundua kwamba hata baadhi ya Wamarekani huamini jambo linalofanana na hilo, yaani kwamba mtu akilipa deni lote kila mwezi benki haitamhesabia matumizi yake katika sharti hilo. Si kweli. Sharti linahusu manunuzi yaliyopita kwenye kadi, wala halihusu deni lililobaki.

Tofauti hiyo ilinikaa kichwani siku moja nikiwa getini nyumbani, Ipagala, nikisubiri maji ya mgao. Kila nyumba yenye maji ya bomba ina vitu viwili ambavyo ni rahisi kuvichanganya, navyo ni mita na tangi. Mita iko karibu na geti, na kazi yake ni moja tu, kuhesabu maji yanayopita; zikipita lita 1,000, inaandika uniti moja. Tangi liko juu ya mnara wake nyuma ya nyumba, na linaonyesha maji yaliyopo sasa hivi. Ukijaza tangi asubuhi, ukafua, ukaoga na kumwagilia mchicha hadi likabaki tupu jioni, mita hairudi nyuma kwa sababu tangi limekauka. Kesho ukilijaza tena, mita inaendelea kuhesabu kutoka pale ilipoishia jana.

Kadi ya mkopo hufanya kazi vivyo hivyo. Kila unapolipia chakula dukani, mita inazunguka na tangi la deni linapanda. Unapolipa deni kutoka kwenye akaunti yako ya benki, tangi linashuka, lakini mita inabaki ilipo. Mdogo wangu alikuwa akilipa kila wiki mbili, hivyo tangi lake mara chache lilizidi dola 700, na bado mita ilikuwa ikisogea kuelekea 4,000 bila matatizo. Mimi nilikuwa nimekodolea macho tangi.

Kuhusu riba, sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inazitaka benki zitume ankara ya kadi angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa, na kwa kawaida anayelipa ankara yote kwa wakati hatozwi riba kwa manunuzi. Asiyelipa yote hukutana na riba ambayo katika miaka ya karibuni imezidi asilimia 20 kwa mwaka kwa wastani. Tukichukua asilimia 21, deni la dola 4,000 linazaa takriban dola 70 kwa mwezi. Pointi 60,000 zikithaminiwa senti moja kila moja ni dola 600, kwa hiyo aliyelibeba deni hilo kwa miezi tisa amekwisha kuirudisha bonasi yote. Kwa mtu wa namna hiyo ukali wangu ulikuwa na haki yake, ila nilimwelekezea mtu mwingine.

Mfano wa mita unasaidia pia kueleza kipengele kinachowaangusha watu wengi. Dodoma maji yakikatika siku nne tano, tunaita boza, lori linalouza maji. Boza linajaza tangi moja kwa moja kwa mpira wake, na maji hayo hayapiti kwenye mita hata tone. Kadi nayo ina maboza yake. Ukitoa fedha taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, ukihamisha deni kutoka kadi nyingine, ukitozwa riba, au ukikatwa ada ya mwaka, deni linaongezeka lakini hesabu ya sharti haisogei. Ukirudisha bidhaa dukani, kiasi chake kinapunguzwa kwenye hesabu, na hapa mfano wangu unaanza kuchechemea, maana sijapata kuona mtu akirudishiwa uniti kwa kuyarudisha maji bombani. Aidha, benki nyingi huanza kuhesabu siku tangu ombi la kadi lilipokubaliwa, ilhali kadi yenyewe inaweza kufika kwa posta baada ya wiki moja au mbili, kwa hiyo ile miezi mitatu huwa imekwisha kumegwa kabla bahasha haijafunguliwa.

Sasa dola 4,000 zinapatikanaje bila kununua kitu kisichohitajika? Kwa siku 90 ni kama dola 44 kwa siku, kiasi ambacho kaya ya Kimarekani yenye gari hukifikia kwa chakula, mafuta, simu, umeme na bima ya gari, ambayo mara nyingi huweza kulipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kodi ya nyumba ni ngumu zaidi, kwa sababu wenye nyumba wengi hawapokei kadi, au huipokea kwa makato yanayokula sehemu ya faida. Kodi ya mapato inalipika kwa kadi kupitia mawakala walioidhinishwa, lakini nayo ina makato ya karibu asilimia mbili. Kwa hiyo ustadi wote ni wa kuchagua wakati: mtu anaomba kadi mwezi ambao bima inaisha au watoto wanarudi shule, na matumizi ambayo yangefanyika hata hivyo yanapitishwa kwenye mita mpya.

Wapo, hata hivyo, ambao hawakuridhika na maji. Wakazi wa Dodoma wanajua kwamba maji yanaporudi baada ya mgao, bomba hutangulia kutoa hewa kwa kishindo, na hewa hiyo huweza kuizungusha mita. Majirani zangu hulilalamikia jambo hilo kila mwezi. Marekani kuna watu waliotafuta hewa kwa makusudi. Mwaka 2008, mamlaka ya serikali inayotengeneza sarafu ilianza kuuza sarafu za dola moja kwa bei yake halisi, ikizisafirisha bure hadi mlangoni, ili wananchi wazizoee. Mnunuzi aliruhusiwa kulipa kwa kadi. Wajanja wakaagiza masanduku kwa masanduku, wakazipeleka sarafu hizo benki bila hata kuzifungua, wakalipa deni la kadi kwa fedha hizohizo, na pointi zikabaki mikononi mwao. Mita ilizunguka, na tone la maji halikupita. Serikali ilisitisha malipo ya kadi kwa mpango huo Julai 2011. Nakiri kwamba katika habari yote hii, hakuna kinachonifurahisha kama picha ya msafirishaji anayeshusha sanduku la sarafu mlangoni, na mwenye nyumba anayelipakia kwenye gari lake kulipeleka benki. Leo masharti ya bonasi nyingi hutaja waziwazi kwamba vitu vinavyofanana na fedha taslimu havihesabiwi.

Linabaki swali la nani anayelipa. Kila malipo ya kadi humgharimu mwenye duka, kwa kawaida kati ya asilimia moja na nusu na tatu na nusu nchini Marekani, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Tuseme benki imepata asilimia mbili. Kwa dola 4,000 ni dola 80, ambazo hazifikii bonasi ya dola 600 hata kwa mbali. Benki inapata hasara mwanzoni, na inajua. Benki ya JPMorgan Chase ilipozindua kadi ya Sapphire Reserve mwaka 2016 kwa pointi 100,000 na sharti lilelile la dola 4,000 kwa miezi mitatu, mkuu wake Jamie Dimon alisema kadi hiyo ingepunguza faida ya robo ya mwisho ya mwaka kwa dola milioni 200 hadi 300. Miezi mitatu, kwa maoni yangu, ni muda wa kujenga mazoea: namba ya kadi inaingizwa kwenye malipo ya simu na ya duka la mtandaoni, na baada ya hapo watu wachache hujisumbua kuitoa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa makato ya kadi za mkopo yanayokwenda kwa benki iliyotoa kadi mwaka 2015, na bonasi za huko kwa kawaida ni ndogo mno zikilinganishwa na za Marekani. Wachumi waliochunguza kadi za Marekani wamekadiria kwamba zawadi hizi huhamisha takriban dola bilioni 15 kwa mwaka kutoka kwa wasiojua kuzitumia kadi zao vizuri kwenda kwa wanaojua. Hata hivyo, makadirio hayo yanahusu zawadi zote za kadi, si bonasi za kuanzia peke yake, kwa hiyo yasichukuliwe kama bei ya bonasi.

Mdogo wangu, pamoja na uhakika wake wote, naye aliponea chupuchupu. Mwezi wa tatu alikuwa ameacha kulipa kila wiki mbili na kuanza kulipa ankara inapokuja, na siku mbili kabla ya mwisho alijumlisha aliyokwisha kulipa na deni lililokuwa kwenye programu ya simu, akapata dola 4,037. Akanitumia ujumbe wa ushindi. Nikamuuliza kama ndani yake kuna maji ya boza. Alikaa kimya dakika kadhaa, kisha akaniandikia kwamba dola 95 ni ada ya mwaka, kwa hiyo mita yake ilikuwa inasoma 3,942. Jioni hiyo akajaza tangi la gari, akanunua mchele, mafuta ya kula na nepi za mtoto, akanitumia picha ya risiti: dola 61 na senti 40.