Paul McGrath hakuishia Manchester
Kwa miaka mingi mashabiki wamesimuliana kwamba Paul McGrath, beki wa kati wa Jamhuri ya Ireland aliyelelewa katika vituo vya watoto jijini Dublin, alimalizwa na pombe, na kwamba Manchester United ilipomuuza mwaka 1989 soka lake lilikuwa limekwisha. Ulevi ulikuwa maradhi ya kweli, ukamkosesha hata baadhi ya mechi, na magoti yake, yaliyofanyiwa upasuaji mara kadhaa, hayakumruhusu kufanya mazoezi ya kawaida na wenzake. Lakini soka lake halikwisha. Akiwa Aston Villa, mwaka 1993, wanasoka wenzake nchini Uingereza walimchagua kuwa Mchezaji Bora wa Mwaka, naye ana miaka 33. Mwaka uliofuata Villa ilitwaa Kombe la Ligi kwa kuifunga Manchester United hiyo hiyo. Kisha, katika Kombe la Dunia nchini Marekani, aliongoza ulinzi dhidi ya Italia ya Roberto Baggio, Ireland ikashinda 1-0. Kwangu mimi, mechi hiyo peke yake inatosha kukanusha simulizi hilo. Aliichezea nchi yake mara 83.