Mishipa ya vena iliyovimba miguuni: maswali na majibu kuhusu upasuaji

Mishipa hii huvimba kwa nini, na kwa nini tiba yake iwe upasuaji?

Damu inayorudi moyoni kutoka miguuni hulazimika kupanda huku ikivutwa chini na uzito wake yenyewe. Misuli ya shavu la mguu huisukuma juu kila tunapopiga hatua, na vali ndogo zilizomo ndani ya vena huizuia isirudi ilikotoka. Vali hizo zikilegea, damu hurejea chini na kutuama, shinikizo hupanda, na vena zilizo karibu na ngozi hutanuka na kujipindapinda hadi zikaonekana kwa macho. Wanaokaa muda mrefu wamesimama, kama walimu, wauguzi, vinyozi na mama lishe, hulemewa zaidi na dalili zake, ingawa urithi, umri, uzito wa mwili na mimba pia vina nafasi kubwa.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba chanzo cha tatizo mara nyingi hakipo pale yanapoonekana mafundo. Yale yanayojitokeza kwenye shavu la mguu kwa kawaida ni matawi tu. Vali iliyoharibika huwa juu zaidi: kwenye kinena, pale vena kubwa ya safena, ile ndefu ya juujuu inayopanda upande wa ndani wa mguu, inapoingia katika vena ya ndani ya paja, au nyuma ya goti, pale inapoishia vena ndogo ya safena, ile inayopanda nyuma ya shavu la mguu. Hakuna kidonge wala dawa ya kupaka inayoweza kuirudishia vali iliyolegea uwezo wake. Soksi za kubana hupunguza uvimbe na maumivu kwa muda zinapovaliwa, lakini haziondoi chanzo. Kwa hiyo matibabu yote yatakayoelezwa hapa, yawe ya kisu, ya joto au ya sindano, yana lengo moja, nalo ni kuiondoa au kuifunga ile vena inayorudisha damu chini.

Je, vena ikiondolewa, damu itapita wapi?

Itapita katika vena za ndani, zilizozungukwa na misuli, ambazo hata sasa ndizo zinazobeba takriban asilimia 90 ya damu yote inayorudi kutoka mguuni. Vena ya juujuu iliyoharibika haisaidii kazi hiyo. Inaivuruga, kwa sababu inairudisha chini damu iliyokwisha kupandishwa. Wapo wanaohofu kuipoteza vena kubwa ya safena kwa kuwa wamesikia kwamba hutumiwa katika upasuaji wa moyo. Ni kweli hutumiwa, lakini ile iliyokwisha kutanuka na kujipinda haifai kwa kazi hiyo.

Sharti moja halina mjadala: vena za ndani ziwe zinapitisha damu vizuri. Mtu ambaye vena zake za ndani zimezibwa na damu iliyoganda huenda anategemea hizo hizo za juujuu, na kumwondolea kunaweza kumdhuru.

Kabla ya kukubali upasuaji, nifanyiwe kipimo gani?

Ultrasaundi ya Dopla, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha vena na mwelekeo wa damu ndani yake. Nasisitiza kipimo hiki kuliko jambo jingine lolote katika makala haya, kwa sababu kumpasua mgonjwa kwa kuangalia tu mafundo ya nje ni kubahatisha, na kubahatisha ni miongoni mwa sababu za mafundo kurudi baada ya muda mfupi.

Kipimo chenyewe hakina maumivu wala mionzi ya eksirei. Mgonjwa husimama, uzito ukiwa kwenye mguu mmoja na ule unaopimwa ukiwa umelegezwa. Mpimaji hupaka jeli, huweka kifaa kwenye kinena, kisha kwa mkono wa pili huliminya shavu la mguu na kuliachia ghafla. Damu husukumwa juu wakati wa kuminya. Mkono ukiachia, katika vena nzima damu husimama karibu mara moja, ilhali katika vena mbovu huonekana ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde. Hivyo ndivyo hufuatwa vena moja baada ya nyingine hadi kwenye kifundo cha mguu, na mwishoni daktari anakuwa na ramani ya mguu huo. Ukipimwa umelala tu, ni haki yako kuuliza sababu, kwani kurudi kwa damu hujidhihirisha vizuri zaidi mtu akiwa amesimama.

Kipimo hiki husaidia pia kutofautisha magonjwa yanayofanana kwa nje. Katika mwambao wetu, mguu uliovimba unaweza kuwa ni matende, na upasuaji wa vena hautausaidia.

Upasuaji wa kawaida hufanywaje?

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, daktari humsimamisha mgonjwa na kuyachora mafundo yote kwa kalamu isiyofutika, maana mgonjwa akishalala mafundo hunywea na hayaonekani tena. Kisha hupewa nusu kaputi au sindano ya ganzi ya mgongo. Daktari hupasua sehemu ndogo kwenye kinena, huitafuta vena kubwa ya safena pale inapoungana na ile ya ndani, huifunga kwa uzi na kuikata pamoja na matawi yake ya karibu.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alikuwa akiifunga vena hiyo pajani bila kuiondoa, lakini ilikuja kudhihirika kwamba kuifunga tu huacha njia ya damu kurejea kupitia matawi. Mwaka 1907 Mmarekani William Babcock alieleza mbinu ya kupitisha waya ndani ya vena na kuing'oa. Siku hizi mara nyingi vena huvutwa ikigeuka nje-ndani kama soksi inavyovuliwa, jambo linalopunguza madhara kwa tishu za jirani, na huishia karibu na goti. Kuing'oa hadi kwenye kifundo cha mguu huongeza uwezekano wa kuujeruhi mshipa wa fahamu ulioambatana nayo na kumwachia mgonjwa ganzi upande wa ndani wa mguu.

Mafundo yaliyochorwa huondolewa kupitia vitundu vya milimita 2 au 3 hivi, kwa kulabu ndogo inayoivuta vena kipande kwa kipande. Vitundu hivyo mara nyingi havihitaji nyuzi. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, na hurejea kazini baada ya wiki 1 hadi 3 kulingana na kazi.

Nimesikia kuhusu leza na mawimbi ya redio. Je, ni bora kuliko kisu?

Katika mbinu hizi mbili vena haitolewi, bali huunguzwa kwa ndani ikajifunga, kisha mwili huifyonza taratibu kwa muda wa miezi. Daktari huichoma vena kwa sindano karibu na goti akiongozwa na ultrasaundi, hupitisha mrija mwembamba hadi karibu na kinena, halafu huizungushia vena, kwa urefu wake wote, maji yenye dawa ya ganzi. Maji hayo hufanya kazi tatu kwa pamoja: huondoa maumivu, huibana vena ishikane na chombo, na hukinga ngozi na mishipa ya fahamu dhidi ya joto. Kifaa cha mawimbi ya redio kinachotumika sana hupasha joto kipande cha sentimita 7 hadi nyuzi 120 za Selisiasi kwa sekunde 20, kisha huvutwa chini hadi kipande kinachofuata. Mgonjwa huwa macho wakati wote, na akimaliza huinuka na kutembea.

Mwaka 2013 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilipendekeza joto liwe chaguo la kwanza, kisha sindano ya povu, na kisu kiwe cha tatu. Sababu si kwamba kisu hakiponyi. Matokeo ya miaka ya baadaye kati ya joto na kisu yanakaribiana. Tofauti kubwa ni kwamba anayetibiwa kwa joto huumwa kidogo, hana kidonda kwenye kinena na hurudi kazini mapema.

Hapa kwetu, hata hivyo, si kila hospitali ya rufaa ina mashine hizo, na zinapokuwepo gharama inaweza kumshinda mgonjwa. Maoni yangu ni kwamba mtu mwenye maumivu au ngozi iliyoanza kuharibika asikae miaka akisubiri leza, ikiwa upasuaji wa kawaida unapatikana mikononi mwa daktari anayeufanya mara kwa mara na baada ya kipimo sahihi. Uliza mapema gharama yote, pamoja na vipimo na soksi, na uulize bima yako inalipia kipi.

Sindano ya povu inamfaa nani?

Dawa inayoikera ngozi ya ndani ya vena huchanganywa na hewa hadi iwe povu, kisha hudungwa kwa kuongozwa na ultrasaundi. Povu huisukuma damu pembeni, dawa hugusa kuta za vena, nazo hushikana. Inafaa hasa vena zilizojipinda mno hata mrija haupiti, mafundo yaliyorudi baada ya upasuaji, na wazee wasiostahimili nusu kaputi. Udhaifu wake ni kwamba vena hufunguka tena mara nyingi zaidi kuliko kwa joto au kisu, hivyo huenda sindano zikarudiwa. Ngozi inaweza kubaki na alama za kahawia kwa miezi. Aliyewahi kuambiwa ana tundu moyoni amweleze daktari kabla ya sindano.

Mama yangu ana kidonda juu ya kifundo cha mguu ambacho kila mwaka kinafungwa bendeji na hakiponi. Je, upasuaji unaweza kumsaidia?

Swali hili lina uzito kuliko mengine, kwa sababu wagonjwa wengi wa namna hii hubadilishiwa bendeji zahanati mwaka nenda mwaka rudi bila mtu yeyote kuwaangalia vena. Kidonda kilichopo upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, kikizungukwa na ngozi nyeusi, ngumu na yenye muwasho, mara nyingi hutokana na shinikizo la vena. Dawa ya kupaka na antibayotiki haviwezi kukiponya kwa kudumu wakati shinikizo lile lingalipo.

Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulihusisha wagonjwa 450 wenye vidonda vya aina hii, na wote walifungwa bendeji za kubana. Nusu yao walifungiwa vena mapema, na wengine baadaye. Katika kundi la kwanza, muda wa kati wa kupona ulikuwa siku 56, na katika la pili siku 82. Maana yake ni kwamba si lazima kidonda kipone kwanza ndipo vena itibiwe. Kuitibu mapema, pamoja na bendeji, ndiko kunakoharakisha kupona.

Hata hivyo, si kila kidonda cha mguu ni cha vena. Selimundu huleta vidonda mahali hapo hapo, na kisukari na ateri zilizoziba, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni kutoka moyoni, huleta vya kwao. Kwa hiyo kabla ya mama kufungwa bendeji ya kubana, ni lazima mapigo ya damu ya mguuni yapimwe, kwani kuubana mguu usiopata damu ya kutosha kunaweza kuua tishu. Mwombe muuguzi au daktari amwandikie rufaa ya ultrasaundi ya vena na ya ateri.

Mimi ni mjamzito na mafundo yameanza. Nifanyiwe upasuaji?

Subiri ujifungue. Mafundo ya mimba hupungua sana katika miezi inayofuata uzazi, na upasuaji hufikiriwa kwa yale yanayobaki. Kwa sasa muulize mkunga wako kuhusu soksi za kubana.

Kuna anayenishauri nikaumikwe au nichanjwe juu ya mafundo ili damu chafu itoke. Ni salama?

La, si salama. Damu iliyomo si chafu. Ni damu yako iliyokosa njia ya kupanda. Vena hizi zina shinikizo kubwa na ngozi iliyozifunika ni nyembamba, hivyo jeraha dogo linaweza kutoa damu nyingi kwa haraka. Fundo likipasuka kwa sababu yoyote, lala chini, inua mguu juu ya usawa wa moyo, gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia kwa dakika 10 au zaidi, na upelekwe hospitali. Usifunge kamba juu ya jeraha, kwani kamba isiyobana vya kutosha huzidisha kuvuja.

Upasuaji una hatari gani, na mafundo yanaweza kurudi?

Kuvilia damu na kuwa na uvimbe mgumu kando ya vena iliyotibiwa ni kawaida, na huisha ndani ya wiki chache. Kidonda cha kinena kinaweza kupata maambukizi. Ganzi ya ngozi hutokea kwa baadhi ya watu, na mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyopita. Kwa vena ndogo ya safena, mshipa wa fahamu ulio nyuma ya shavu la mguu ndio unaohitaji uangalifu. Hatari kubwa, ingawa si ya kawaida, ni damu kuganda katika vena ya ndani na kusafiri hadi mapafuni. Kwa hiyo mweleze daktari ikiwa umewahi kuganda damu, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, au una ndugu aliyewahi kupatwa na hali hiyo.

Mafundo yanaweza kurudi kwa mbinu yoyote. Vena nyingine inaweza kulegea, au vijishipa vipya vikaota kwenye kinena. Tiba humaliza vena iliyotibiwa, lakini haibadilishi maumbile yaliyokufanya uvimbe. Yakirudi, ultrasaundi hurudiwa, na mara nyingi sindano ya povu hutosha.

Nikishatoka hospitali nifanye nini?

Tembea siku hiyo hiyo, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kulala kitandani siku nzima ndiko kunakoalika damu kuganda. Vaa soksi au bendeji kwa muda ulioelekezwa, inua miguu unapoketi, na usinyanyue mizigo mizito hadi kidonda cha kinena kikauke. Rudi hospitali bila kuchelewa ukiona shavu la mguu limevimba na linauma kuliko jana, au kidonda kinatoa usaha, au una homa. Ukishikwa na kifua kuuma au pumzi kukatika, usingoje asubuhi.