Maadili ya kiongozi na kura za Wakristo wa kiinjili Marekani

Wengi bado wanaamini kwamba Wakristo wa kiinjili weupe wa Marekani humpima kiongozi kwanza kwa mwenendo wake binafsi. Ndivyo walivyofundisha: mwaka 1998, wakati wa kashfa ya uhusiano wa nje ya ndoa wa Rais Bill Clinton, Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la kiinjili nchini humo, walipitisha azimio la kudai viongozi waadilifu.

Takwimu za PRRI, taasisi ya Marekani ya utafiti wa maoni kuhusu dini, zinaonyesha mengine. Mwaka 2011, asilimia 30 tu ya Wakristo hao wa kiinjili weupe walikubali kwamba mwanasiasa aliyekosa maadili faraghani anaweza kutenda kwa uadilifu kazini. Mwaka 2016, Donald Trump akigombea urais, waliokubali hivyo walifika asilimia 72. Maandiko hayakubadilika katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika, nasema kwa uchungu, ni mgombea.

Tusiwatie wote kapu moja, hata hivyo. Desemba 2019 mhariri wa jarida la kiinjili la Christianity Today alitaka Trump aondolewe madarakani.