Kushika hatamu bila kuvuta: mafunzo ya uongozi kwa farasi

Tunaposema fulani ameshika hatamu, tunazungumzia zile kamba au mikanda anayofungwa farasi kichwani ili aongozwe. Waliokuwa watu wazima miaka ya 1970 waliisikia sana katika kauli ya "chama kushika hatamu". Lakini mpe mtu hatamu yenyewe mkononi, mbele ya mnyama wa kilo 500, uone. Kuishika ni rahisi. Kufuatwa ndiko kugumu, na humo ndimo mafunzo haya yalimo.

Mafunzo ya uongozi kwa farasi ni mafunzo ya vitendo. Kikundi cha watu, aghalabu wanaofanya kazi pamoja, hupewa majukumu mafupi ya kufanya na farasi, kisha hukaa kujadili walichokiona. Hakuna anayepanda: kazi yote hufanywa mtu akiwa amesimama ardhini. Si tiba pia, ingawa farasi hutumika katika tiba tangu zamani. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu kwa polio, alishinda medali ya fedha ya kupanda farasi katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na habari zake zilisaidia sana kuitangaza njia hiyo. Mtu aliyelemewa na msiba au sonona asiletwe uwanjani kwa ahadi ya kupona. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa nini farasi? Kwa sababu ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kila sikio hugeuka peke yake. Uhai wake umetegemea kuziona dalili ndogo kabla hazijawa hatari. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin alikuwapo farasi aitwaye Hans, aliyesifiwa kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akimsoma muulizaji: jibu lilipofikiwa, kichwa cha muulizaji kiliinuka kidogo sana bila yeye kujua, na Hans akaacha kugonga. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye alikosea.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wake kwa kiongozi. Farasi hajui kwamba huyu ni mwenyekiti wa AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima) ya kahawa Mbozi, na yule ni msimamizi wa wachumaji chai Mufindi. Anachokiona ni bega lililokaza, pumzi iliyobanwa, na miguu inayosita huku mdomo ukiamuru.

Kundi la farasi nalo lina la kufundisha, na hapa wengi hukosea. Husemwa kwamba dume mmoja ndiye kiongozi wa wote. Ukweli ni kwamba farasi tofauti huweza kuanzisha safari ya kwenda majini au malishoni, wakiwemo majike wenye umri. Na yule anayefukuza wenzake kwenye nyasi si lazima awe ndiye wanayemfuata. Washiriki wakilielewa hilo kabla hawajagusa kamba, nusu ya somo imeingia.

Kikundi kizuri ni cha watu 8 hadi 12, farasi 2 hadi 4 na wawezeshaji wawili: mmoja macho yake kwa farasi, mwingine kwa watu. Mtu mmoja hawezi kufanya yote mawili kwa usalama. Uwanja wa mita 20 kwa 40 unatosha, uzio uwe wa mbao wa takriban mita 1.4, na seng'enge isiwepo kabisa. Viatu viwe vigumu vya kufunika vidole, kandambili hazifai. Anayemkaribia farasi avae kofia ngumu.

Dakika 20 za mwanzo ni za kutazama kutoka nje ya uzio. Kila mmoja aseme alichokiona, si alichokidhani. "Masikio yamelala nyuma" ni kuona. "Amekasirika" ni kudhani. Viongozi wa ofisini huhangaika sana na tofauti hii, na ni vizuri wahangaike.

Kisha huja zoezi la kamba legevu. Kamba ina urefu wa mita tatu hivi. Mshiriki husimama kushoto kwa farasi, usawa wa bega, kamba ikining'inia katikati kama ya kuanikia nguo iliyolegea. Achague mahali pa kwenda, pengine ndoo iliyo mita 15 mbele, aelekeze macho huko, atoe pumzi, apige hatua. Farasi akikataa, wengi hugeuka, humkodolea macho na kuvuta. Sasa mtu amesimama kwenye njia aliyotaka farasi apite, tena anashindana nguvu na mnyama aliyemzidi uzito mara saba. Njia sahihi ni kubaki pale begani, kukaza kamba kidogo kuelekea mbele, kusubiri, na kuilegeza papo hapo farasi anapoinua hata kwato moja. Kule kulegeza ndiko kunakomfundisha. Anayeendelea kukaza baada ya farasi kutii amemwambia kwamba kutii hakuna faida, na wapo wasimamizi wa kazi wanaofanya hivyo hivyo kwa vijana wao kila siku.

Kwa kazi ya pamoja, zoezi lenye mavuno zaidi ni la watu watatu walioshikana mikono wakitakiwa kumvisha farasi kamba ya kichwani. Wa katikati ni kichwa, yeye pekee anaruhusiwa kupanga na kusema. Wa pembeni ni mikono. Hawafanyi lolote wasiloambiwa. Ndani ya dakika tano utasikia "shika hapo", na mkono wa kushoto na wa kulia yote miwili ishike, kamba ijisokote, farasi aondoke zake. Amri isiyo na jina la anayepewa haina mwenyewe. Mwezeshaji asiwaokoe mapema, ila asimamishe zoezi mara moja mtu akifika nyuma ya farasi.

Baada ya kila zoezi, kaeni mjadili angalau kwa muda ule ule uliotumika kulifanya. Bila hilo ni mchezo tu.

Makosa mengine ni ya hatari. La kwanza ni kuzungusha kamba kiganjani: farasi akishtuka, vidole huvunjika. Ikunjwe mikunjo mipana, ishikwe katikati. Kushawishi kwa chakula huwafanya farasi wasukumane na kung'ata. Kosa la mwezeshaji ni kumsemea farasi: "Amekwambia wewe ni mkali." Hiyo ni ramli. Hata kulamba na kutafuna mdomo mtupu, kunakotafsiriwa kuwa "amekubali", ni mwili unaotoka kwenye mkazo kwenda kwenye utulivu. Mwezeshaji aulize tu: nini kilitokea kabla hajasimama? Tena farasi aliyehudumia vikundi vitatu kwa siku moja huzima, akamfuata yeyote, na mshiriki akaondoka na sifa asizostahili. Kikundi kimoja kwa siku kinamtosha.

Nyanda za juu kusini mwa Tanzania, miezi mizuri ni Mei hadi Oktoba. Kuanzia Novemba mvua hufanya udongo mwekundu uteleze. Juni na Julai, Mufindi na Makete, anzeni saa nne asubuhi. Farasi aliyeamka na baridi ana nguvu za kurukaruka. Upepo ukivuma kwenye msitu wa misindano wa Sao Hill, huko Mufindi, ahirisheni mazoezi ya bila kamba, kwani upepo humvuruga farasi asijue sauti na harufu zinatoka wapi.

Farasi kwetu ni wachache, na sababu moja ni magonjwa: mbung'o wa mabondeni upande wa Ruaha huleta nagana, na usubi hueneza maradhi ya farasi ya Afrika, ambayo huua haraka. Baridi ya milimani hupunguza wadudu hao, haiwamalizi. Asiye na farasi anaweza kutumia punda kwa zoezi la kamba legevu, mradi ajue kwamba punda akiogopa hukaza miguu na kusimama badala ya kukimbia. Mpe dakika kadhaa akague anachokiogopa. Ukimvuta atazidi kukaza. Punda mwenye kidonda cha mzigo mgongoni asitumike.

Mazoezi yaishe saa kumi jioni. Farasi wavuliwe kamba, wapewe maji, wakaguliwe kwato, na wawe bandani kabla ya machweo, saa ambayo usubi huanza kuruka.