Kwa nini serikali hupigania jina la maandamano kwanza

Maandamano yakianza, cha kwanza kumtoka msemaji wa serikali huwa ni jina. Wahuni. Waporaji. Vibaraka wa mabeberu. Wengi huyachukulia maneno hayo kama matusi ya hasira tu. Sisi tunaofuatilia siasa za maandamano tunayaona kuwa hatua ya kiusalama, sawasawa na kupeleka polisi barabarani. Waandamanaji, hata wakifika laki kadhaa, huwa wachache mbele ya taifa zima. Serikali hutikisika pale mama aliyejifungia ndani, karani wa wizara na askari mwenye bunduki wanapoanza kuamini kwamba walioko nje ni wenzao, na tena ni wengi. Jina hutolewa mapema ili imani hiyo isizaliwe.

Sudan inatupa somo zuri, kwa sababu mtawala yuleyule alijaribu dawa ileile mara mbili. Septemba 2013 serikali ya Omar al-Bashir iliondoa ruzuku ya mafuta na watu wakamiminika mitaani Khartoum na Wad Madani. Vituo vya mafuta vikachomwa, wakuu wakasema hao ni waharibifu, risasi za moto zikafuata. Mashirika ya haki za binadamu yalikadiria waliouawa kuwa kati ya 170 na 200. Wananchi wengi waliumia moyoni, ila walibaki majumbani, na Bashir akabaki ikulu.

Desemba 2018 mkate ulipanda kutoka pauni 1 ya Sudan hadi pauni 3. Tarehe 19 mji wa reli wa Atbara ukalipuka, ofisi ya chama tawala ikateketezwa, na baada ya siku chache moto ukafika Khartoum. Safari hii serikali ilitafuta jina kali zaidi. Ilitangaza kuwa imewanasa wanafunzi kutoka Darfur, eneo la magharibi lililokuwa na vita, ikawahusisha na waasi na hujuma. Hesabu ilikuwa hii: kwa miaka kumi na tano wakazi wa mji mkuu walikuwa wameambiwa kwamba mtu wa Darfur ni adui, basi wataogopa kuonekana naye. Jibu lilitoka mitaani kwa wimbo: "Ewe mbaguzi mwenye majivuno, nchi nzima ni Darfur!" Kwa maoni yangu, kibwagizo hicho kiliidhuru serikali kuliko jiwe lolote lililorushwa. Kilikataa mgawanyo ambao utawala wote ulijengwa juu yake. Vijana wa Kenya walifanya jambo la jamii hiyo Juni 2024 walipokataa kuitwa watu wa kabila fulani au wa chama fulani, na Muswada wa Fedha haukutiwa sahihi.

Kuna swali linalopuuzwa: kwa nini watu waliochoka kwa miaka hukaa kimya, kisha wakatoka wote kwa mpigo? Mchumi Timur Kuran alilieleza vizuri. Chini ya utawala wa kutisha kila mtu huficha anachokiamini. Wewe unajua umechoka. Hujui kama jirani yako naye amechoka, kwa sababu naye anaficha kama wewe. Kwa hiyo kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi kwamba hasira ipo pia nyumba ya pili. Waandamanaji wa Khartoum waliutoa ushahidi huo kwa namna ya ajabu kidogo. Jumuiya ya Wanataaluma, iliyowakusanya madaktari, walimu, wanasheria na wengineo, ilikuwa ikitangaza njia na saa. Ikifika saa saba mchana, mwanamke anapiga vigelegele, na hapo watu wanachomoka vichochoroni. Aliyekuwa ndani na mlango wake umefungwa alivisikia, akajua hayuko peke yake.

Tarehe 6 Aprili 2019, siku ya kumbukumbu ya kuangushwa kwa rais wa kijeshi Jaafar Nimeiri mwaka 1985, umati ulifika mbele ya makao makuu ya jeshi na kupiga kambi. Ukitaka kuelewa namna taswira inavyojengwa, itazame kambi ile. Kwenye vizuizi vijana walipekua kila anayeingia asije na silaha, huku wakiimba kwamba inua mikono juu, upekuzi wetu ni wa adabu. Palikuwa na michango ya pesa mbele ya watu, na kaulimbiu yake ilikuwa: unacho, weka, huna, chukua. Serikali iliyokuwa ikiwaita waporaji ilibaki inatafuta mporaji wa kumwonyesha. Tarehe 8 Aprili Alaa Salah, mwanafunzi, alipigwa picha juu ya gari akiwa amevaa thobe jeupe, vazi ambalo Wasudani wanalihusisha na mama na bibi zao waliokuwa wafanyakazi. Picha ilizunguka dunia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyumbani: mzee akiitazama anamwona mwanawe.

Na askari naye alitazama. Vikosi vya usalama vilipojaribu kuwatawanya watu usiku, baadhi ya wanajeshi wa vyeo vya chini walivirudishia risasi. Tarehe 11 majenerali walimwondoa Bashir, pengine kwa kuhofia kwamba wakitoa amri nyingine haitatiiwa. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza harakati 323 za kati ya 1900 na 2006, wakaona zile zisizotumia silaha zilifaulu zaidi ya nusu, karibu mara mbili ya zile za silaha. Sababu mojawapo ndiyo hii: ni rahisi askari kusitasita mbele ya umati anaouona kuwa ni watu wake.

Ila hoja hii ina ukingo, na wanaharakati wengi hawapendi kuutazama. Alfajiri ya 3 Juni kambi ilivunjwa kwa damu, na zaidi ya watu 100 waliuawa. Manusura wengi walivitaja Vikosi vya Msaada wa Haraka, vilivyochipuka kutoka kwa Janjaweed, wanamgambo waliopigana Darfur upande wa serikali, vikiwa na kamanda wake na dhahabu yake. Wengi wa wapiganaji hao hawakuwa na shangazi wala binamu kwenye umati ule. Vigelegele havimgusi asiyejiona ndani yake.

Intaneti ikazimwa kwa wiki kadhaa. Kamati za mitaa zikarudi kwenye njia za kale, wakaenda nyumba kwa nyumba na vikaratasi, na tarehe 30 Juni barabara zikajaa pomoni. Siku chache baadaye majenerali walikubali kugawana madaraka, na hati ikasainiwa 17 Agosti 2019.

Walioketi upande wa pili wa meza walikuwa wamejifunza. Oktoba 2021, foleni za mkate zikiwa zimerudi na serikali ya mpito imechokwa, kambi mpya ilijengwa mbele ya Ikulu ya Khartoum, na safari hii waliomo walitaka jeshi litawale. Tarehe 21 umati mkubwa zaidi ulitoka kutetea utawala wa kiraia. Lakini majenerali walikuwa tayari na picha ya kuonyesha kwamba nao wanaitwa na wananchi, na tarehe 25 wakaipindua serikali ya mpito.