Je, wajua kwa nini wapiga gitaa wana maandishi yao peke yao, yaitwayo tabulatura?

Piga uzi mwembamba kabisa wa gitaa bila kuubana. Hiyo ni E. Sasa bana uzi wa pili kwenye freti ya 5 (freti ni vile vijiti vinavyokatiza shingo ya gitaa), uupige: E ileile. Uzi wa tatu, freti ya 9, E tena. Kwenye uzi wa nne utaikuta freti ya 14, na kwenye wa tano, kama mkono wako unafika huko, freti ya 19. Sauti moja, nyumba tano. Mpiga piano hana kazi hiyo. E yake inakaa mahali pamoja tu, na akiiona kwenye karatasi kidole kinajua njia.

Nota za mistari mitano, zile ambazo wanakwaya wengi huziona zikiwa na solfa chini yake, zinasema sauti gani isikike na idumu kiasi gani. Uipate wapi, hilo ni lako. Tabulatura inaanzia upande wa pili. Mistari yake ni nyuzi zenyewe, sita kwa gitaa, na namba iliyoandikwa kwenye mstari ni freti ya kubana. 0 maana yake piga uzi mtupu. Haijali kama hiyo ni E au F, inakwambia tu weka kidole hapa. (Ufupisho wake, tabu, umetuangukia vibaya sisi wa Kiswahili.)

Wengi huidharau tabulatura, wakidhani ni njia ya mkato ya vijana wasiotaka kujifunza nota. Ni dhana isiyo na msingi. Mabingwa wa luti, chombo cha nyuzi cha zamani, huko Ulaya waliitumia karne na karne, na wengi wao nota walizijua barabara.

Luti ni mtoto wa udi, na jina lake limetoka kwenye Kiarabu, al-ud. Ulaya ikaufunga shingoni freti za utumbo wa mnyama. Udi wetu wa taarabu hauna freti mpaka leo, kwa hiyo kumwandikia mpiga udi "freti ya 3" ni kumwelekeza mtu kwa namba ya nyumba kwenye mtaa usio na namba. Zamani luti ilipigwa kwa unyoya. Kuelekea mwisho wa karne ya 15 wapigaji wakaanza kuuacha unyoya na kutumia vidole, na mtu mmoja akaweza kushika besi na sauti za juu kwa pamoja. Vidole vikawa na mengi ya kukumbuka. Mwaka 1507, mjini Venice, Ottaviano Petrucci alichapa kazi za Francesco Spinacino, na hicho ndicho kitabu cha kwanza cha luti kupita kwenye mtambo wa chapa. Kimeandikwa kwa tabulatura.

Kila nchi ilikuwa na yake. Waitalia waliweka uzi mwembamba kwenye mstari wa chini kabisa, na ukiiona mara ya kwanza utadhani karatasi imepinduliwa. Lakini pakata gitaa, utupe macho chini: uzi mnene ndio ulio karibu na uso wako, mwembamba uko upande wa sakafuni. Walichora kile ambacho jicho la mpigaji linakiona. Wafaransa waliupandisha uzi mwembamba juu, kwa kuwa sauti yake ndiyo ya juu, na badala ya namba wakaweka herufi: a ni uzi mtupu, b ni freti ya kwanza. Kordi ya C unayoishika kila siku, ukiisoma kutoka uzi mwembamba hadi wa tano, kwa namba ni 0-1-0-2-3. Kwa Mfaransa ingekuwa a-b-a-c-d. Mhispania Luis Milán, aliyechapa kitabu chake Valencia mwaka 1536, alichanganya: namba za Waitalia, uzi mwembamba juu. Ndivyo tunavyoandika leo.

Wajerumani ndio wanaoniacha hoi. Hawakuwa na mistari kabisa. Kila mahali pa kubana palikuwa na alama yake: 1 hadi 5 kwa nyuzi tupu, halafu a, b, c, d, e zikikatiza shingo kwenye freti ya kwanza, f, g, h, i, k kwenye ya pili, na kuendelea. Uzi wa sita ulipoongezwa alfabeti ilikuwa imeshagawiwa yote, ikabidi kila mtu abuni alama zake. Inasimuliwa kuwa aliyeuanzisha mtindo huo ni Conrad Paumann, mpiga kinanda kipofu wa Nuremberg. Kama ni kweli, namwelewa: asiyeona mistari anaweza kumtajia mwandishi herufi mojamoja.

Kuna jambo moja ambalo tabulatura inalisema na nota zinalinyamazia. Waimbaji wa karne ya 16 hawakuandikiwa kila mahali pa kupandisha au kushusha sauti kwa nusu toni, yaani freti moja. Walijua kwa mazoea. Mazoea yale yalikwenda nao kaburini, na leo wataalamu wanabishana juu ya nyimbo hizo. Lakini wapiga luti walikuwa na desturi ya kuhamisha nyimbo za waimbaji kwenye chombo chao. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo mtaalamu wa nyota, alichapa kitabu kizima cha kufundisha kazi hiyo mwaka 1568. Na mpiga luti hawezi kukwepa: ni freti ya 3 au ya 4, hakuna katikati. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua namna wimbo ulivyoimbwa hulazimika kuchungulia vidole vya luti.

Hasara yake iko kwenye muda. Alama za mapigo huwekwa juu ya mistari, lakini zinakwambia tu baada ya muda gani upige tena. Chukua besi ya C, freti ya 3 ya uzi wa tano, inayotakiwa kuvuma huku nota tatu zikitembea juu yake. Tabulatura itakupa 3, halafu 0, 1, 0. Kidole kibaki pale au kiondoke? Haisemi. Kwenye nota utaiona besi ina mkia wake unaotazama chini na umri wake kamili. Ndiyo maana wawili wakiigeuza tabulatura moja kuwa nota, hawatoki na karatasi zinazofanana.

Gitaa lilihamia kwenye nota mwishoni mwa karne ya 18, na watunzi wa gitaa kina Fernando Sor wakaandikia humo. Lakini fungua kitabu chochote cha gitaa la klasiki: namba ndani ya duara kuonyesha uzi, namba za Kirumi kuonyesha freti, tarakimu ndogo za vidole. Tabulatura ilitolewa mlangoni, ikarudi kwa dirishani.

Chapa ya Petrucci ina kitu kingine kidogo sana. Chini ya baadhi ya namba kuna nukta. Penye nukta, kidole cha shahada kidonoe kwenda juu. Pasipo nukta, na namba iko peke yake, ni zamu ya dole gumba. Gumba, shahada, gumba, shahada. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga "Masanga", alipiga kwa vidole hivyohivyo viwili. Tabulatura za gitaa tunazopeana siku hizi, nyingi zimeidondosha ile nukta.