Je, wajua? Kinachoua mkakao ndani ya nyumba za Ulaya si baridi

Mkakao, mti unaotupa chokoleti, unaweza kuishi sebuleni London au Stockholm huku theluji ikianguka nje. Unaweza hata kuchanua na kuzaa. Lakini mara nyingi hunyauka katika majira yake ya kwanza ya baridi, na lawama zote huangukia baridi. Mti wa nchi za joto umepelekwa nchi ya baridi, sasa ulitarajia nini? Basi watu huongeza joto la nyumba, husogeza chungu karibu na hita, na mti hufa upesi zaidi.

Baridi ina sehemu yake, hilo halina ubishi. Asili ya mkakao ni misitu ya Amazon ya juu, na kwa kawaida hulimwa ndani ya takribani nyuzi 20 kaskazini na kusini mwa ikweta. Hata humo haukubali kila mahali. Kyela, kwenye joto la ufuo wa Ziwa Nyasa, kakao ni zao la biashara. Panda mlima kuelekea Tukuyu na utakutana na mashamba ya chai, kakao umeiacha chini. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi mti huumia, na ikikaa hapo hufa.

Ila nani anaishi kwenye nyumba ya nyuzi 10? Nyumba nyingi za Ulaya wakati wa baridi hupashwa joto hadi karibu nyuzi 20. Joto hilo linautosha mkakao kuishi, ingawa hautakua kwa kasi ya Kyela. Kipimajoto kinasema hali ni shwari, na bado majani yanakauka kuanzia ncha na kingo. Jibu liko kwenye kitu ambacho kipimajoto hakipimi: maji yaliyo hewani.

Hewa baridi hubeba mvuke kidogo sana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 haibebi zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke. Yenye nyuzi 20 inaweza kubeba karibu gramu 17. Hewa ya nje inapoingia ndani na kupashwa joto, hakuna anayeiongezea maji. Chukua maji yanayojaza kikombe kimoja, uyamimine kwenye sufuria inayoingia vikombe vitatu na nusu. Maji ni yaleyale, hayakupungua hata tone, lakini kikombe kilikuwa kimejaa na sufuria imelowa chini tu. Ndivyo hewa iliyokuwa na unyevu wa asilimia 100 huko nje inavyobaki na chini kidogo ya asilimia 30 sebuleni. Na kila unapozidisha joto, sufuria inapanuka. Hita iliyowashwa kuuokoa mti ndiyo inayoipanua.

Sufuria hiyo hutafuta maji popote yalipo: kwenye midomo yetu, kwenye mbao za fanicha, na kwenye majani. Jani lina vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huingiza hewa ya kutengenezea chakula na papo hapo hupitisha mvuke kwenda nje. Katika msitu wa mvua, ambako unyevu wa hewa mara nyingi huzidi asilimia 80, vitundu hukaa wazi bila hasara kubwa. Sebuleni jani hupoteza maji kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifidia. Mkakao ni mwepesi kuvifunga hewa inapokauka, na ukivifunga umejinyima chakula. Majani machanga ndiyo huumia kwanza. Mti huyatoa kwa mkupuo, mekundu, laini, yakining'inia wima kuelekea chini kwa siku kadhaa kabla ya kukakamaa na kugeuka kijani. Ni mazuri ajabu kuyatazama, na wakati huo hayana kinga yoyote.

Dawa zinazojaribiwa hapa mara nyingi huongeza tatizo. Mtu anaona kingo za kahawia, anadhani mti una kiu, anamwagilia zaidi. Udongo ulikuwa na maji ya kutosha tangu mwanzo. Sasa unakosa hewa na mizizi inaoza. Kuyanyunyizia majani maji nako hakusaidii kwa muda mrefu, kwa sababu matone yakishakauka unyevu wa chumba hurudi palepale. Dirisha lenye jua kali? Huu ni mti uliozoea kuishi chini ya miti mirefu, na miche yake hulelewa kivulini hata mashambani. Taa ya mimea yenye nuru ya wastani inafaa zaidi, hasa mwishoni mwa Desemba, ambapo urefu wa mchana wa London haufiki hata saa nane.

Kinachofaa ni kuizingira hewa yenyewe. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua jambo hili mnamo 1829 bila kulitafuta. Aliweka pupa wa nondo (mdudu huyo kabla hajaota mabawa) ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, akaifunga, na humo ukaota mmea wa jamii ya kangaga, jamii ambayo bustanini kwake ilikuwa ikifa kwa moshi wa jiji. Maji yaliyotoka kwenye majani yaligeuka matone kwenye kioo na kurudi udongoni. Mwaka 1833 masanduku yake ya kioo yalisafirisha mimea hai hadi Sydney. Leo kabati la kioo au hema la plastiki hufanya kazi ileile. Chumba kikubwa kitahitaji mashine ya kuongeza unyevu, na kipimaunyevu cha bei ndogo cha kukuonyesha kama inatosha.

Kwa kiwango kikubwa, hayo yanafanyika katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ambacho hutunza zaidi ya aina 400 za mkakao ndani ya kitalu nyumba. Hapo ni karantini. Aina inayotoka nchi moja kwenda nyingine hukaa chini ya uangalizi, kwa kawaida miaka 2, ikichunguzwa virusi na magonjwa. Uingereza inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu haina shamba hata moja la kakao la kuambukizwa.

Anayetaka kuanza asihangaike na kakao kavu ya gunia. Mbegu hizo zimechachushwa na kuanikwa, zimekufa. Mbegu ya mkakao haivumilii kukauka wala friji. Inatakiwa itoke kwenye tunda bichi na ipandwe ndani ya siku chache.

Maua, yakija, hutokea kwenye shina lenyewe na matawi manene, kila moja dogo kuliko kucha ya kidole gumba. Porini huchavushwa na wadudu wadogo mno, hasa jamii ya visubi, na wataalamu bado wanabishana ni wadudu gani wengine wanaoshiriki. Ua lisilochavushwa hudondoka baada ya siku moja au mbili. Ndani ya nyumba kazi hiyo ni ya mkono: asubuhi, kwa kibanio, unachukua chavua ya ua moja na kuipaka sehemu ya kike ya ua jingine. Miti mingi hukataa chavua yake yenyewe, hivyo huenda ukahitaji mti wa pili wa aina tofauti.

Vitunda vingi vichanga vitajikausha na kuwa vyeusi. Ndivyo mti unavyopunguza mzigo, hata shambani. Kitakachobaki huchukua miezi 5 hadi 6 kukomaa, na huwa na mbegu 20 hadi 50. Mbegu kavu ina uzito wa gramu 1 hivi, kwa hiyo tunda moja hutoa chokoleti ndogo tu. Ila nyama nyeupe inayozizunguka mbegu, tamu yenye uchachu, huliwa papo hapo, bila kuchachusha, kuanika wala kukaanga.